Kasa wanapanda kutaga kwenye ufuo wa kijiji na mradi hakuna: mkazi wa kawaida afanye nini?

Mwambao (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu.

Ufuo wenyewe uko kusini ya Kigamboni, kama kilomita mbili na nusu kutoka mdomo wa kijito hadi kwenye miamba. Tangu Machi alama za kasa zimeonekana mara saba. Mradi hakuna, kikundi cha ulinzi hakuna, na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya hapa iko kwenye makaratasi zaidi kuliko pwani. Kuna mbwa koko, kuna vijana wanaofukua mayai, kuna nyumba mbili za wageni zinazowasha taa usiku kucha, na kuna majarife (nyavu za kutega chini) yanayotegwa karibu kabisa na mwamba.

Watu wanane wako tayari kujitolea bila malipo. Shida ni kwamba kila mmoja ana lake. Mmoja anataka mayai yote yafukuliwe, yazikwe upya uani kwake na kuzungushiwa uzio. Wa pili anataka vifaranga wafugwe kwenye beseni miezi miwili mitatu "wapate nguvu" kabla ya kuachiwa. Wa tatu kashona bendera nyekundu za kuchomeka juu ya kila kiota. Kabla hatujaharibu, wanaojua watuambie: kipi kifanyike, kipi kiachwe, na kwa nini?

Bint Kisiwani

Bora umeuliza kabla. Nianze na la uani, kwa sababu ndilo linaloua mayai mengi kwa nia njema.

Yai la kasa si yai la kuku. Kuku huyageuza mayai yake kila siku na hayadhuriki. Kasa anataga, anafukia, anaondoka, na yai halitegemei kuguswa tena. Ndani ya saa chache tu kiinitete hupanda upande wa juu na kujishika kwenye utando ulio chini ya ganda. Ukiligeuza yai baada ya hapo, ule utando laini unapasuka na kiinitete kinakufa. Kwa macho huoni kitu. Unalizika, unalilinda siku 60, linaoza. Watu husema "mwaka huu mayai yalikuwa mabovu", kumbe yaliharibiwa kwenye ndoo siku ya kwanza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: kiota kilicho juu ya mstari wa bamvuo (maji makuu kabisa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) hakiguswi. Usichokoe kwa kijiti "kuhakikisha kama mayai yapo". Kijiti kikitoboa yai moja, ute unavuja, siafu wanafuata harufu, ukungu unaenea kwa mayai ya jirani.

Pili, mjifunze kusoma alama, maana si kila alama ni kiota. Kasa wa kijani (wengine humwita kasa uziwa) husukuma mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo alama zake zinalingana kushoto na kulia kama za trekta, na upana wake ni kama mita moja au zaidi. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, hutembea kwa kupishanisha, kushoto halafu kulia, na alama yake ni nyembamba, sentimita 70 hadi 85 hivi. Ng'amba pia hupenda kuingia chini ya vichaka, ndiyo maana kiota chake hupitwa na watu wasiofunua majani. Mkiona alama imepanda, imezunguka kama herufi U na kurudi majini bila mchanga kurushwarushwa, huyo hakutaga. Kashtuliwa na taa, mbwa au watu, au kakuta mchanga mkavu unaobomoka. Andikeni hiyo pia, kwani atajaribu tena usiku huo au usiku unaofuata, mara nyingi si mbali na hapo.

Kosa jingine la kawaida: kudhani mayai yako chini ya lile shimo kubwa la mwisho. Kasa wa kijani akimaliza kutaga hufukia huku akisogea mbele na kurusha mchanga nyuma. Shimo mnaloliona ni mahali alipomalizia kazi. Mayai yako nyuma yake, mara nyingi mita moja hadi mbili kuelekea alikotokea. Anayeweka uzio juu ya shimo anakuwa amelinda mchanga mtupu.

Tatu, bendera. Anayeiba mayai atawashukuru sana. Badala ya bendera, chagueni vitu viwili visivyohama, tuseme mnazi wenye kovu na nguzo ya uzio, mpime umbali kutoka kila kimoja hadi kiota kwa futi ya fundi ujenzi, na muandike kwenye daftari linalokaa kwa mtu mmoja. Baadaye chora duara kutoka kila kitu kwa umbali wake: zinapokutana upande wa ufuo, kiota ndicho hapo. Kisha futeni alama za kasa kwa tawi la mnazi, upana wote, kuanzia kiota hadi majini. Kufuta kunachukua dakika kumi. Ni ulinzi wa bei rahisi kuliko wowote ninaoujua, na pia kunazuia mtu kuhesabu alama moja mara mbili kesho yake.

Daftari liwe na tarehe, aina ya kasa, kama katoka akiwa ametaga au la, umbali kutoka mstari wa maji makuu, na vile vipimo viwili. Tarehe ndiyo muhimu kupita yote, maana bila hiyo hamjui lini mkeshe. Kwa joto la kawaida la pwani yetu mayai huanguliwa kati ya siku 50 na 65.

Bint Kisiwani

Naendelea, ule ujumbe ulikuwa mrefu.

Mbwa na nguchiro. Chukueni wavu mgumu wa plastiki, au mfume fito za mianzi, kipande cha mita moja kwa mita moja chenye matundu ya sentimita 10 kwa 10. Ondoeni mchanga wa juu kwa viganja, si kwa jembe, sentimita 10 hadi 15 tu. Lazeni wavu, ukazwe pembe nne kwa vigingi vya mti, mfukie. Mbwa anachimba, anakutana na wavu, anachoka. Vifaranga wanapita kwenye matundu bila shida. Matundu yakiwa madogo mmewafungia ndani wafe kwa jua la asubuhi, na hilo limewahi kutokea pwani nyingi tu. Waya wa chuma epukeni: vifaranga hutumia usumaku wa dunia kujua uelekeo, na chuma kilichokaa juu yao miezi miwili kinavuruga usumaku huo hapo hapo kiotani.

Msikate vichaka wala kufyeka majani nyuma ya ufuo. Joto la mchanga ndilo linaloamua kifaranga awe dume au jike, hasa katika theluthi ya kati ya kuatamiwa. Karibu na nyuzi 29 za Selsiasi wanatoka nusu kwa nusu. Mchanga ukizidi kuwa moto, majike wanazidi. Ukizidi sana, wanakufa. Ufuo uliofyekwa wote ni ufuo wa majike watupu. Mlakasa, ule mtambaazi wenye maua ya zambarau, uacheni utambae.

Sasa beseni. Kifaranga anapotoka ana akiba ya kiini tumboni, na akiba hiyo ni ya kazi moja: kuogelea mfululizo kama siku nzima hadi apite miamba na kufika mkondo wa bahari kuu, ambako samaki wa kumla ni wachache. Ukimweka kwenye maji ya beseni anaanza kuogelea hapo hapo, anagonga ukuta, anamaliza akiba. Ukimwachia kesho yake anaelea tu, samaki wanamchukua. Akikaa miezi, wanaumana mapezi, wanaota ukungu, wanazoea kulishwa kwa mkono na kusogelea watu. Wenye mabwawa ya kuwaonyesha wageni hawapendi kuambiwa haya, lakini ndivyo ilivyo.

Usiku wa kutoka, kazi yenu ni kusafisha njia: fukieni matundu, ondoeni nyavu kuukuu, magogo, alama za matairi ya pikipiki. Kaeni nyuma ya kiota, giza, bila simu. Msiwabebe kuwapeleka majini. Wakitoka mchana kwa bahati mbaya na kunguru wamejaa, simameni pande zote kuwafukuza kunguru, waacheni watembee. Kiota msikifukue siku hiyo. Ngojeni siku tatu tangu wa kwanza atoke, ndipo aliyefundishwa akague kama kuna waliokwama chini.

Taa na Nyaya

Mimi nitasema la zile nyumba za wageni, kwa sababu ndilo linaloweza kumalizwa wiki hii bila kibali cha mtu.

Kifaranga akitoka usiku hana ramani. Anaelekea upande ulio na mwanga zaidi chini kwenye upeo, na anaukimbia ule wenye kivuli kirefu cheusi. Pwani ya asili, mwanga ni bahari na kivuli ni miti. Ukiweka balbu nyeupe barazani umegeuza dunia juu chini: anapanda kwenda barazani, anakufa barabarani au kwenye bwawa la kuogelea. Kasa jike naye hughairi kupanda.

Mambo matatu, kwa mpangilio huu wa umuhimu. Kwanza, taa isiyohitajika izimwe. Inayohitajika mara chache iwekewe kihisi cha mwendo cha kuzima baada ya dakika moja. Pili, taa ishushwe. Iliyo juu ya nguzo ya mita 4 inaonekana ufuo mzima. Iliyo chini ya goti, imezibwa kwa kofia na kutazama nchi kavu, haionekani. Kipande cha bomba la plastiki la inchi 4 kilichokatwa nusu kinatosha kuwa kofia. Tatu, rangi: LED ya kaharabu halisi (njano ya machungwa), yenye mawimbi ya karibu nanomita 590, au nyekundu. Balbu nyeupe iliyopakwa rangi ya njano haitoshi kwa sababu mwanga wa bluu bado unapenya, na bluu ndiyo wanayoiona vizuri zaidi. Dukani ukisikia "womu waiti" (warm white) ujue bado ni nyeupe.

Wengi huanza na rangi kwa sababu kununua balbu ni rahisi kuliko kuhamisha nyaya. Matokeo yake unakuta taa nyekundu sita juu ya paa, zote zinatazama bahari.

Jinsi ya kupima: usiku usio na mwezi, nenda kwenye ukingo wa maji, lala kifudifudi hadi macho yawe sentimita chache kutoka mchangani, utazame nchi kavu. Balbu yoyote unayoiona uso kwa uso irekebishwe. Ukisimama na kuona kivuli chako mwenyewe mchangani, mwanga umezidi. Pazia zito kwenye madirisha ya ghorofani linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Na vitanda vya kuotea jua virundikwe nyuma ya ufuo kila jioni. Kasa akigonga kitanda anageuka.

Mwenye nyumba ukimwendea na habari za uhifadhi atakusikiliza kwa adabu na kusahau. Mwendee na bili ya umeme.

Jarife Kuukuu

Wadau, mayai na taa sawa, ila kasa mkubwa anafia kwenye jarife. Jike huchukua miaka 20, 30 na zaidi kukomaa, na msimu mmoja anataga mara tatu hadi tano, kila baada ya siku 10 hadi 14. Katikati ya hizo siku haendi mbali. Anapumzika mbele ya ufuo huo huo, pale pale mnapotega. Ukimpoteza mmoja Aprili umepoteza na mayai mia tatu au mia nne ambayo angetaga kabla ya Juni.

Jarife hutegwa chini, usiku, kwa ajili ya papa na taa (taa samaki, si za huyu mwenzetu wa nyaya). Kasa akinasa anapigana, na akipigana pumzi inakwisha upesi. Aliyelala anaweza kukaa chini saa kadhaa, aliyenaswa anaweza kuzama ndani ya saa moja au pungufu. Kutega magharibi na kurudi alfajiri ni kumkuta amekufa. Kwa hiyo ombi kwa wavuvi liwe moja na liwe dogo: kuanzia Machi hadi Juni jarife lisitegwe mbele ya ule ufuo wa kilomita mbili na nusu, lihamie kusini ya miamba. Msiombe waache jarife kabisa, hawataacha, na mtapoteza hata hilo dogo. Asiyeweza kuhama, alale karibu na nyavu na kuzikagua kila nusu saa.

Mvuvi akimkuta hai: asimvute kwa pezi, linateguka. Watu wawili, mmoja ashike gamba juu ya shingo, mwingine juu ya mkia. Kata uzi wa nyavu, usimsokote kumtoa. Hasara ya matundu mawili matatu hurekebishwa kwa sindano na uzi jioni moja.

Akiwa kama amekufa, usimtupe kwanza. Kasa aliyezimia hufanana kabisa na maiti. Mlaze kwa tumbo, kamwe si kwa mgongo, inua sehemu ya nyuma sentimita 15 au zaidi juu ya kamba au boya ili maji yatoke mapafuni. Mfunike kwa gunia au kanga mbichi, puani pawe wazi, na awe kivulini. Usimweke ndani ya maji, atazama. Kila baada ya muda mguse polepole pembeni ya jicho au mkiani uone kama anashtuka, na umyumbishe taratibu kushoto na kulia. Mpe angalau saa nne, na unaweza kumsubiri hadi saa 24. Usimkandamize kifuani kama mtu aliyezama. Gamba la chini haliendi popote, unamuumiza bure.

Akichangamka, zima mashine, mshushe kichwa mbele, mbali na nyavu. Akiwa amemeza ndoana, usivute uzi. Ukate karibu na mdomo kadiri unavyoweza. Uzi unaotokea nyuma nao usivutwe, unaweza kuwa umefunga utumbo wote.

Kuna majaribio ya taa ndogo za kijani kwenye nyavu, Peru na Mexico, na yalipunguza kweli idadi ya kasa wanaonaswa bila kupunguza samaki wanaolengwa. Betri ndiyo kikwazo. Kijiji kisicho na fedha kianze na kuhama.

Mtazamaji

Samahani wakuu, Oktoba 2025 IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili) si walishatangaza kwamba kasa wa kijani ametoka kwenye kundi la walio hatarini? Sasa taharuki ya nini? Na mzee akila yai moja kama babu zake walivyokula, bahari itakauka?

Bint Kisiwani

Habari ni ya kweli, ndugu Mtazamaji. Kimataifa kasa wa kijani alishushwa kutoka "hatarini kutoweka" hadi daraja lisilotia wasiwasi, kwa sababu idadi yao duniani imeongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Imeongezeka kwa nini? Kwa sababu fukwe zililindwa, mayai yaliachwa, na nyavu zilirekebishwa kwa miaka hamsini. Mgonjwa kapata nafuu kwa dawa, wewe unasema dawa iachwe. Pia hesabu hiyo ni ya dunia nzima. Ufuo wenye alama saba tu tangu Machi hauokolewi na viota vya Australia, kwa kuwa jike hurudi kutaga eneo alikozaliwa. Ng'amba bado yuko daraja la hatari kubwa kabisa. Na usiku huyo anayefukua hatofautishi yai la huyu na la yule.

Zahanati ya Mwisho wa Lami

La "mzee akila" nalijibu upande wa afya. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Novemba 2021 huko huko Pemba walikufa saba.

Sumu iliyowaua inaaminika huingia mwilini mwa kasa kutokana na anavyokula, na haionekani, hainuki, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga wala kukausha. Kasa mmoja ana sumu, mwenzake aliyevuliwa siku hiyo hiyo hana, kwa hiyo "tumekula miaka yote" si ushahidi wa chochote. Dalili huanza baada ya saa chache au hata siku kadhaa: kichefuchefu, koo kuwaka, vidonda mdomoni, kushindwa kumeza, usingizi mzito, kupoteza fahamu. Dawa ya kuiondoa haipo. Hospitali inatibu dalili tu. Watoto ndio wanaokufa zaidi, na mama anayenyonyesha anaweza kuipitisha kwa maziwa hata kama yeye mwenyewe haumwi sana. Aliyekula na kuanza kuumwa apelekwe mara moja, na wote waliokula chungu kile wapelekwe naye wachunguzwe, hata wasio na dalili.

Kwenye mkutano wa kijiji habari hii huingia kuliko takwimu za viota. Ila irudieni kila msimu. Hofu ya Panza hupoa baada ya miezi sita na chungu kinarudi jikoni.

Kisheria pia: kumvua, kumuua au kuwa na nyama, mayai au gamba la kasa ni kosa chini ya sheria ya uvuvi ya Tanzania ya 2003 na kanuni zake. Ndugu wa Kenya wanabanwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Bangili au kitana cha gamba la ng'amba hakivuki mpaka kihalali, biashara yake imepigwa marufuku kimataifa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Na hao wenu wanane wajue kuwa hata kuhamisha mayai kwa nia njema bila idhini kunaweza kuwaingiza matatani. Nendeni kwa Afisa Uvuvi wa wilaya sasa, mkiwa na daftari, muombe barua. Sea Sense, shirika la uhifadhi wa bahari, wamefanya kazi hii miaka mingi kwenye wilaya za pwani ya Tanzania na wanafundisha watu wa vijiji. Waombeni mafunzo kabla ya kuomba fedha.

Bint Kisiwani

Naunga mkono. Kuhusu fedha, utaratibu uliofanya kazi kisiwani Mafia ni wa mafungu mawili: fungu dogo kwa anayeripoti kiota, na fungu la pili vifaranga wakishatoka, kulingana na idadi ya walioanguliwa. Lile la pili ndilo linalobadilisha tabia. Ukilipa la kwanza tu, mtu anaripoti Jumatatu na mayai yanaibwa Jumatano. Wakazi wa mbali wanaotaka kuchangia waulize swali hilo hilo: fedha yangu inalipa kuonekana kwa kiota, au kutoka kwa vifaranga?

Mwambao (mwanzisha mada)

Asanteni sana, nimenakili yote. Uzio wa uani na beseni vimekufa rasmi, mwenye bendera kanuna lakini kakubali futi.

Swali la haraka. Leo saa 12 asubuhi kimeonekana kiota kipya mita tatu chini ya mstari wa mwani mkavu wa bamvuo lililopita. Kwa alama zilivyo, alipanda maji yakiwa makuu ya usiku, kwa hiyo alitaga kama saa 6 au 7 usiku. Bamvuo lijalo ni baada ya siku nne. Kanuni inasema kisiguswe. Lakini si kitazama?

Bint Kisiwani

Mita tatu chini kwenye ufuo wenu ni nyingi. Mawimbi kukipitia mara moja mbili si kifo, mchanga unachuja na mayai yanavumilia. Kukaa chini ya maji kwa saa kadhaa kila bamvuo, kwa miezi miwili, ni kifo cha yote, kwani yai hupumua kupitia ganda. Kwa hiyo hapa kipimo kinageuka. Yakiachwa yanakufa kwa hakika. Yakihamishwa vizuri, sehemu yatapona.

Ila saa zinakukimbia. Ikiwa alitaga saa 7, sasa ni kama saa sita zimepita, na ndipo mwisho wa muda salama. Mpigie Afisa Uvuvi simu sasa hivi, si kesho. Akikubali, fanyeni hivi.

Watu wawili tu. Mikono isiwe na mafuta, losheni wala dawa ya mbu. Ndoo safi, chini yake mchanga mbichi wa pale pale, sentimita tano. Chimbeni kwa viganja kuanzia pembeni, si kutoka juu. Mkifika kwenye yai la kwanza, mliwekee nukta juu kwa penseli laini kabla ya kulinyanyua, na nukta hiyo ibaki juu hadi mwisho wa safari. Yai moja moja, bila kutikisa, bila kuosha. Hesabuni, wa kijani huwa mia na kitu. Mayai yenye doa jeupe upande wa juu yameshaanza kujishika, hayo muyabebe kama chai iliyojaa kikombeni. Pimeni kina cha shimo kabla ya kuliacha, kutoka usoni hadi chini, na upana wa chumba.

Shimo jipya liwe juu ya mstari wa bamvuo, ufuo huo huo, karibu iwezekanavyo, mahali penye jua na kivuli kama pale pa kwanza. Kina kile kile, umbo la mtungi: shingo nyembamba, chini pana. Mayai ya mwisho kutoka yaliyokuwa chini yawe ya kwanza kuingia. Fukieni kwanza kwa mchanga mbichi uliotoka chini, mkavu umalizie juu. Msikandamize kwa miguu. Ndoo ifunikwe kwa kanga mbichi njiani, na itembezwe kwa miguu, pikipiki hapana.

Ikifika saa 3 asubuhi hujapata ruhusa, acha. Baada ya hapo kila yai utakalolinyanyua ni kamari, na bora ubaki na mayai machache ambayo bahari itayahurumia.

Mwambao (mwanzisha mada)

Afisa kajibu, yuko njiani na pikipiki. Kasema tusianze kuchimba hadi afike, na kauliza kama kuna mwenye penseli.